Banff na Canmore: mji uliowekewa ukomo na jirani aliyebeba ukuaji wake

Katika bonde la Mto Bow, ndani ya milima ya Rocky upande wa magharibi wa jimbo la Alberta nchini Kanada, kuna miji miwili iliyotenganishwa na mwendo wa gari usiofika nusu saa. Banff imo ndani ya hifadhi ya taifa, na Canmore iko nje kidogo ya lango la mashariki la hifadhi hiyo. Miji hii inamtegemea mgeni yule yule, inatumia barabara kuu ile ile, na imezungukwa na vilele vya safu moja. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2021 ilikuta watu 8,305 Banff na watu 15,990 Canmore, ilhali miongo minne kabla ya hapo Canmore ilikuwa mji wa zamani wa wachimba makaa ya mawe wenye watu wasiofika 4,000. Tofauti hiyo haikuletwa na udongo wala hali ya hewa. Ililetwa na sheria, na ndiyo inayokifanya kisa hiki kistahili kuchunguzwa kwa makini na yeyote anayetaka kuelewa jinsi utalii unavyojenga miji milimani. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba Banff ilifanikiwa kuuzuia mji bila kumzuia mgeni, na kwamba ukuaji uliokataliwa ndani ya hifadhi ulishuka na bonde hadi mahali ambapo hapakuwa na wa kuukataa.

Chimbuko la yote ni reli. Mwaka 1883 wafanyakazi watatu wa kampuni ya reli ya Canadian Pacific walifika kwenye chemchemi za maji moto chini ya mlima ulio jirani na mji wa sasa. Miaka miwili baadaye serikali ilitenga takriban kilomita za mraba 26 kuzizunguka chemchemi hizo, na mwaka 1887 eneo hilo lilipanuliwa likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Kanada. Kampuni ya reli ilikuwa imetumia fedha nyingi kuvuka milima ambayo haikuwa na abiria wala shehena ya kutosha, hivyo ilihitaji sababu ya kuwafanya watu wapande treni. Mwaka 1888 ikafungua hoteli ya Banff Springs. Mji, kwa maana hiyo, ulizaliwa kama kiambatisho cha hoteli: wenyeji wake wa kwanza walikuwa wahudumu, wachukuzi, waongoza wageni na wafanyabiashara waliowahudumia wasafiri na wale waliowahudumia wasafiri. Watu wa Stoney Nakoda, jamii ya wenyeji wa asili waliokuwa wakiwinda na kupita katika bonde hilo tangu kale, na ambao walikuwa miongoni mwa waliotia saini Mkataba wa Saba wa mwaka 1877 kati ya serikali na jamii za asili, walifungiwa nje ya hifadhi kwa miaka mingi. Jambo hili halipaswi kupitwa, kwa sababu uamuzi wa nani ana haki ya kuishi ndani ya bonde ulianza kufanywa wakati huo, na unaendelea kufanywa hadi leo kwa njia nyingine.

Barabara kuu inayovuka Kanada ilipofunguliwa mwaka 1962, mgeni hakuhitaji tena treni, na msimu wa baridi ulianza kuleta wateja wake waliokuja kuteleza kwenye theluji. Banff iliomba kuandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1972, lakini wahifadhi walipinga na michezo ikaenda Sapporo. Mwaka huo huo wa 1972 serikali ya Kanada ilikataa mpango wa kujenga kijiji kikubwa cha kitalii katika eneo la Lake Louise, lililomo ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Maamuzi hayo yalionyesha kwamba ndani ya mipaka ya hifadhi serikali ilikuwa na uwezo wa kusema hapana, na kwamba ilikuwa tayari kuutumia uwezo huo.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kueleza jinsi mgeni anavyogeuka kuwa mji. Anayefika kwa siku mbili haongezi hesabu ya wakazi, lakini kitanda alichokilalia kina mtu wa kukitandika, chakula alichokula kina mpishi na mwosha vyombo, na gari lililompeleka mlimani lina dereva na fundi. Watu hao wanahitaji vyumba vya kulala, na wakishakuwa na watoto wanahitaji shule, zahanati, maduka ya mahitaji ya kila siku, mabomba ya maji na mitambo ya kusafisha majitaka. Kila huduma kati ya hizo huajiri watu wengine, nao wanahitaji vyumba. Pamoja na hayo yote yupo mgeni wa aina ya pili, anayependa mandhari kiasi cha kutaka kumiliki kipande chake: hununua nyumba, huitembelea wiki chache kwa mwaka, na muda uliobaki huiacha tupu au huipangisha kwa wageni wengine. Mgeni wa kwanza huleta mahitaji ya wafanyakazi, na wa pili huchukua nyumba ambazo wafanyakazi hao wangekaa. Katika nchi tambarare mji unaweza kujitanua pande zote ili kuwapokea wote wawili. Milimani hauwezi, kwa sababu ardhi inayojengeka ni ukanda mwembamba ulioko chini bondeni, na ukanda huo huo ndio unaotafutwa na mto, reli, barabara na wanyama.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Banff, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 6,641, sehemu ya chini ya mabonde yenye hali ya hewa ya wastani na malisho ya majira ya baridi ni takriban asilimia 3 tu ya eneo lote. Kilichobaki ni mwamba, barafu na misitu ya juu. Kwa mtazamaji anayefika mara ya kwanza hifadhi huonekana haina mwisho, lakini kwa kulungu au mbwa mwitu anayetafuta chakula mwezi Januari, hifadhi yenyewe ni hiyo asilimia 3, na mji umekaa katikati yake.

Banff ilipewa hadhi ya mji unaojitawala tarehe 1 Januari 1990, lakini kwa masharti yasiyo ya kawaida. Ardhi ilibaki mali ya serikali ya shirikisho, na mwenye nyumba ana mkataba wa upangaji tu, hana umiliki kamili. Muhimu zaidi ni sharti la ukaazi: anayetaka kuishi Banff lazima awe na kazi ndani ya hifadhi kama ajira yake kuu, au awe anaendesha biashara inayohitaji uwepo wake pale, au awe mstaafu aliyefanya kazi hapo kwa miaka mitano mfululizo kabla ya kustaafu, au awe mwenzi au mtegemezi wa mtu wa aina hiyo. Fedha peke yake haimpi mtu haki ya kuishi humo. Mwaka 1996 ilitolewa ripoti ya uchunguzi mpana wa bonde zima la Bow, uliodumu miaka miwili, ikionya kwamba mwenendo wa maendeleo ukiendelea vile vile, hifadhi itapoteza uzima wake wa kiikolojia. Miaka miwili baadaye serikali iliweka ukomo wa nafasi mpya ya biashara itakayojengwa mjini, yaani futi za mraba 350,000, sawa na takriban mita za mraba 32,500. Ukomo wa idadi ya wakazi wa kudumu nao ukaingizwa katika mipango, na mpaka wa mji ukabaki katika eneo la takriban kilomita za mraba 4.

Kati ya masharti haya yote, watu wengi huzungumzia ukomo wa nafasi ya biashara kwa sababu una tarakimu. Mimi naona sharti la ukaazi ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi. Ukomo wa nafasi ya biashara huzuia maduka na hoteli kupanuka, lakini hauzuii nyumba zilizopo kununuliwa na watu wa mbali. Sharti la ukaazi liliifunga kabisa njia ya nyumba za mapumziko, ambayo katika miji mingi ya milimani ndiyo mlango mkubwa zaidi wa ukuaji. Matokeo yake ni kwamba Banff bado ina watu wanaoishi humo mwaka mzima, madirisha yenye mwanga siku za kazi, na mji ambao, ukiutazama kutoka juu ya Sulphur Mountain, unaonekana una ukingo unaoeleweka: nyumba zinakoma, msitu unaanza.

Hata hivyo, sheria hizo hazikuweka ukomo wowote kwa idadi ya wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 hifadhi ilikuwa ikipokea wageni milioni 3 na ushei kwa mwaka, na miaka ya karibuni idadi imevuka milioni 4. Wageni hao wanahudumiwa na mji ambao hauruhusiwi kuongezeka, hivyo shinikizo lote liliingia ndani ya kuta zilizopo. Waajiri wanalazimika kujenga au kukodi mabweni ya wafanyakazi, na vijana waliotoka nchi mbalimbali kuja kufanya kazi za msimu hubanana katika vyumba vya kushirikiana. Upungufu wa vyumba vya kupanga umekuwa hali ya kudumu. Mfanyakazi anayetimiza sharti la ukaazi kwa maandishi mara nyingi hana pa kuitumia haki hiyo. Ndipo anapopanda basi kuelekea mashariki.

Canmore ilianza kama kituo cha reli hiyo hiyo, lakini uhai wake ulikuwa makaa ya mawe, yaliyoanza kuchimbwa miaka ya 1880. Tarehe 13 Julai 1979 mgodi ulifungwa. Mji uliobaki ulikuwa na nyumba ndogo za mbao, mahandaki chini ya ardhi, na wakazi waliopoteza kazi yao kuu kwa siku moja. Miaka tisa baadaye Calgary iliandaa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1988, na mashindano ya mbio za theluji yakafanyika katika uwanja mpya uliojengwa juu ya Canmore, mahali ambapo makaa yalikuwa yakichimbwa zamani. Dunia iliiona Canmore kwenye televisheni: mandhari ile ile ya Banff, umbali wa saa moja na kitu kutoka jiji la Calgary na uwanja wake wa ndege, na ardhi ambayo mtu yeyote mwenye fedha angeweza kuinunua na kuimiliki moja kwa moja. Huko hakukuwa na sharti la ukaazi wala ukomo wa nafasi ya biashara. Sioni haja ya kutafuta sababu nyingine ya kilichofuata.

Kati ya mwaka 2016 na 2021 Canmore iliongezeka kutoka watu 13,992 hadi 15,990, zaidi ya asilimia 14 katika miaka mitano. Takwimu hiyo nayo inaficha jambo, kwa kuwa sensa huhesabu wakazi wa kudumu, na takriban robo ya nyumba za Canmore hazina mkazi wa kudumu. Mji unaoonekana kwa macho ni mkubwa kuliko mji unaohesabiwa: barabara, mabomba na vyombo vya zimamoto lazima vitosheleze nyumba zote, zikiwa na watu au zikiwa tupu. Maghorofa ya fleti yaliyotengwa kwa ajili ya malazi ya wageni yamejengwa kando ya barabara kuu, na vitongoji vya nyumba kubwa vimepanda miteremko ya pande zote mbili za mto. Bei zilifuata uwezo wa mnunuzi wa Calgary na wa mbali zaidi, wala si mshahara wa mhudumu wa hoteli, mwalimu au muuguzi.

Ukuaji huo ulikutana na mlima wenyewe mwezi Juni 2013. Kijito cha Cougar Creek hushuka kutoka kwenye korongo kali upande wa kaskazini wa Canmore, na kwa maelfu ya miaka kimekuwa kikimwaga mawe na kokoto pale kinapofika bondeni, hata kikatengeneza uwanda ulioinama kwa upole, mkavu na wenye mandhari nzuri. Kwa mtu wa mipango miji, uwanda wa namna hiyo huonekana kuwa mahali pazuri pa kujenga, na vitongoji vilijengwa juu yake katika miongo ya ukuaji. Mvua ya zaidi ya milimita 200 iliponyesha ndani ya siku tatu, kijito ambacho siku nyingi za mwaka huwa kikavu kiligeuka mto wa mawe. Kingo zake ziliporomoka, nyuma ya nyumba kukamegeka hadi misingi ikaning'inia hewani, na barabara kuu ya taifa ikakatika. Baadaye ulijengwa ukuta mkubwa ndani ya korongo ili kuzuia mawe na maji yasishuke tena kwa nguvu ile, kwa gharama iliyobebwa kwa sehemu kubwa na umma. Kijito kilifanya tu kile ambacho kimekuwa kikifanya tangu barafu za kale zilipoyeyuka. Kilichobadilika ni kwamba ardhi tambarare iliyo salama zaidi ilikuwa imekwisha, na mahitaji ya nyumba yalikuwa yamesukuma ujenzi hadi kwenye njia yake.

Upande wa pili wa bonde, chini ya vilele vitatu vinavyoitwa Three Sisters, kuna mgogoro mrefu zaidi. Ardhi hiyo, ambayo sehemu yake ina mahandaki ya mgodi wa zamani, ilipatikana na waendelezaji waliotaka kujenga mji mzima wa kitalii. Mwaka 1992 bodi ya jimbo ilikubali sehemu kubwa ya mpango, ikakataa ujenzi katika bonde dogo la Wind Valley, na kuagiza shoroba za wanyamapori, yaani njia wanazopitia, zihifadhiwe. Wanyama wakubwa wanaotoka na kuingia hifadhini kwa upande huu hawana njia nyingine ila ukanda kati ya nyumba za juu kabisa na mwamba usiopitika, na kila kitongoji kipya huupunguza upana wake.

Kisa cha dubu jike wa aina ya grizzly aliyejulikana kwa namba 148 kinaonyesha maana ya jambo hili. Alizoea kuishi kati ya Banff na Canmore, akivuka mpaka wa hifadhi bila kujua kuwa ni mpaka. Ndani ya hifadhi, watumishi walimfukuza kwa kelele na risasi za mpira alipowakaribia watu, na walifunga njia za miguu ili apate nafasi. Nje ya hifadhi, katika eneo la Canmore, alikutana na waendesha baiskeli na watu wenye mbwa wasiofungwa kamba. Baada ya kuwakimbiza watu mara kadhaa, mamlaka za jimbo zilimkamata mwezi Julai 2017 na kumpeleka mbali kaskazini. Mwezi Septemba mwaka huo alivuka kuingia jimbo la British Columbia, ambako uwindaji wa dubu hao ulikuwa bado halali, naye akauawa na mwindaji. Hakuna aliyevunja sheria. Mnyama mmoja alipita katika mamlaka tatu, kila moja ikiwa na kanuni zake, na katika zile mbili za nje hazikuwepo kanuni zilizotungwa kwa kuangalia bonde zima kama makazi yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyumba. Mwaka 2021 baraza la madiwani la Canmore, baada ya vikao vya hadhara vilivyojaa wananchi, lilikataa mipango miwili ya kuendeleza ardhi ya Three Sisters, ambayo ingeweza kukaribia kuuongeza mji maradufu katika miongo ijayo. Mwendelezaji alikata rufaa kwenye baraza la ardhi la jimbo, na mwaka 2022 baraza hilo likaamua kwamba mipango hiyo inalingana na kibali cha mwaka 1992, hivyo mji hauna budi kuipitisha. Mahakama ya rufaa ya Alberta iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2023. Madiwani waliochaguliwa kupanga mji waligundua kwamba uwezo wao wa kukataa ulikuwa umeshatolewa miaka thelathini kabla, na watu ambao hawakujua kwamba uhaba wa ardhi kule Banff ungeifanya ardhi hii iwe na thamani kubwa namna hii.

Kilichobaki mikononi mwa Canmore ni zana ndogo, nazo zimetumika kwa bidii. Mji una shirika lake la nyumba za bei nafuu, ambazo haziuzwi kwa bei ya soko bali hubaki katika mpango kwa wakazi wanaofanya kazi bondeni. Tangu 2012 basi la umma limeunganisha miji hiyo miwili, na limekuwa njia ya kila siku ya wafanyakazi wanaolala Canmore na kufanya kazi Banff. Kuanzia 2025 nyumba zisizo makazi ya kudumu zinatozwa kodi ya majengo ya juu zaidi, na mapato yake yanaelekezwa kwenye makazi ya wakazi. Naiona kodi hiyo kuwa hatua ya haki, lakini inafanya kazi baada ya tukio: inamtoza mwenye nyumba tupu, haimzuii kuinunua, na kwa tajiri wa kweli tozo hiyo ni sehemu ya gharama za likizo.

Wapo wanaohitimisha kwamba kosa lilikuwa kuibana Banff, na kwamba kama mji ule ungeachwa ukue, Canmore isingelemewa. Sikubaliani nao. Kilomita za mraba kadhaa za ziada ndani ya hifadhi zingemeza ile asilimia 3 ambayo maisha ya wanyama yanaitegemea, na zingejazwa na nyumba za mapumziko kwa kasi ile ile, kisha ukuaji ungeshuka Canmore vile vile. Ukomo ulikuwa sahihi, lakini uliwekwa kwa kufuata mpaka wa hifadhi, mstari uliochorwa upya mara kadhaa hadi karne ya ishirini, wakati soko la nyumba, maji, wanyama na foleni za magari vinafuata bonde. Ripoti ya 1996 ililichunguza bonde hilo kwa upana wake. Serikali iliyoipokea ilitekeleza yale yaliyokuwa ndani ya mamlaka yake, na jimbo la Alberta halikuweka ukomo wa kulingana nao upande wake wa mpaka.

Ndani ya hifadhi kuna dalili kwamba swali la mgeni mwenyewe limeanza kuguswa. Tangu 2023 magari binafsi hayaruhusiwi kufika Moraine Lake, ziwa lililomo hifadhini, na wageni hupelekwa kwa mabasi. Juu ya barabara kuu na chini yake vimejengwa vivuko 44 vya wanyama pamoja na uzio, na ajali za magari kugonga wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Vivuko hivyo vinathibitisha kwamba uhandisi mzuri unaweza kurudisha baadhi ya kilichopotea, mradi pande zote mbili za barabara pawe bado na ardhi ya mnyama kukanyaga. Katika miteremko ya Three Sisters ujenzi utaendelea kwa miongo, nyumba baada ya nyumba, chini ya vibali ambavyo tayari vipo. Ambalo bado linaweza kuamuliwa ni upana wa shoroba zitakazobaki, sehemu ya nyumba hizo itakayotengwa kwa watu wanaofanya kazi bondeni, na kama serikali ya shirikisho, jimbo na miji miwili watakubali kukaa meza moja na kuweka idadi ya wageni ambayo bonde linaweza kuwahudumia, kabla ya kuhesabu vitanda vya kuwalaza.